Kwa Nini Jiwe Aliondoka

Nyie mnaosimulia sinema kwenye simu siku hizi, filamu ya saa mbili mnaimaliza kwa dakika tatu, mmeniomba niwaambie siri ya kazi. Siri sina. Nina koo bovu, masikio yaliyochoshwa na spika, na jambo moja baya nililomfanyia mtu. Hilo la mwisho ndilo mlisikilize vizuri, maana nawaona mnalifanya kila siku, tena kabla hata hamjanywa chai.

Kwa asiyenijua, mimi ni Athumani, niliyekuwa nikitafsiri filamu pale Ngamiani, kwenye studio ya Mzee Nassor. Nasema studio kwa adabu tu. Kilikuwa chumba cha uani, nyuma ya duka lake la kukodisha kanda, baadaye sidii. Ukutani tulibandika trei za mayai ili sauti isirudi, mlangoni tukaning'iniza godoro. Feni tuliizima kila tulipoanza kurekodi, kwa kuwa maiki ilinasa hata mlio wa feni. Joto la Tanga mnalijua. Tulifanya kazi vifua wazi, vikoi viunoni, na maiki tuliivisha soksi ili pumzi isiipige. Soksi yenyewe ilikuwa ya Shaibu, na aliifua kila Alhamisi, hata kama wiki hiyo hakufua shati.

Shaibu ndiye aliyenifundisha kazi. Alinizidi miaka sita, na sauti yake ilikuwa nzito, ikitoka mahali fulani chini ya kitovu. Yeye alichukua majitu, wafalme, wazee na mapolisi. Mimi nilichukua wanawake, watoto na wale wajanja wembamba. Watu wawili, maiki moja, magoti yamegusana. Kwa kuwa hatukuweza kuambiana "sasa wewe" wakati mashine inarekodi, tulikuwa na desturi yetu: ukimaliza maneno ya mtu wako, unampiga mwenzio gotini mara mbili kwa vidole. Maana yake pokea. Miaka tisa nilipigwa goti hili la kushoto, na mpaka leo mtu akinigusa hapo hujikuta nimefungua mdomo.

Somo lake la kwanza lilinikera sana. Alikuwa anasimamisha picha katikati, ananiuliza, "Mdogo wangu, huyu anataka nini?"

"Anataka kumpiga yule."

"Hilo ndilo analolifanya. Mie nakuuliza anataka nini."

"Basi anataka chai!"

Hakucheka. Angeisimamisha picha hiyo hata robo saa, jasho linatutiririka, mpaka nitoe jibu la maana. Anataka mama yake amwone. Anataka lile jambo la zamani lisirudi tena. Anaogopa kubaki peke yake. Ndipo alipokuwa akisema neno lake lile, "Hewallah, bwana wangu!" na kuiachia picha iendelee. Neno hilo Tanga nzima ililijua. Katika kila filamu tuliyotafsiri, Shaibu alilichomeka mahali, na watu kwenye mabanda ya video walilisubiri kama wanavyosubiri goli.

Somo la pili lilikuwa fupi: usifungue mdomo kabla hujaitazama filamu mpaka mwisho. Kutafsiri filamu usiyoitazama tulikuita kutafsiri mbichi. Wengi walitafsiri mbichi, tena walijisifu nako. Shaibu alisema ukimpa mtu sababu kabla hujaona alipofikia, umemzulia. Nilikuwa naitikia, "Sawa, bwana mkubwa," huku nikiwaza pilau.

Tulikosea pia pamoja, msidhani. Kuna jitu moja baya tulilipa lafudhi ya Kidigo, kwa kuwa Shaibu alijua kuiiga vizuri mno. Wiki haikuisha, akaja mwendesha bodaboda kutoka Moa, kilomita zote zile, kaleta ujumbe wa wazee wa huko: wanauliza kwa nini anayekula watu aseme kama wao, na yule anayewaokoa aseme kama mtu wa redio. Tulitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo kila jitu baya tulilipa sauti ya mwenye nyumba anayedai kodi, na hakuna aliyelalamika, hata wenye nyumba.

Sasa niwaambie kuhusu katuni. Watu wazima waliidharau, wakisema ni ya kunyamazishia watoto. Hakuna kazi ngumu kama ile. Mwigizaji wa kweli hata ukikosea maneno, uso wake unakusaidia. Mtu wa kuchorwa ana macho mawili na nyusi, basi, na aliyemchora kaweka kila kitu humo. Halafu watazamaji wenyewe ni watoto, ambao wanarudia filamu moja mara thelathini na hawasahau neno hata moja. Ukimpa mtu sababu ya uongo, wataikariri mpaka wawe na ndevu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kikosi cha mashujaa watano. Majina ya asili hayakutamkika, tukawabatiza kama kawaida yetu, na filamu nikaiita Watano wa Taa. Nguvu zao zote zilitoka kwenye taa moja ya zamani waliyoilinda. Mkubwa wao alikuwa Bi Upepo, mwanamke mkali, anayeamuru kila kitu kwa sababu kikosi chake cha kwanza kilipotea siku aliyosinzia. Mdogo kuliko wote alikuwa Kimulimuli, binti wa miaka kumi hivi, anayetoa mwanga mikononi, na shida yake yote ni kutaka wakubwa wasimwite mtoto. Walikuwamo Kobe na Fundi, wa kuchekesha. Na alikuwamo Jiwe, pande la mtu, mpole, asemaye maneno machache. Adui yao, Mfalme Ukungu, aliwahi kuwa mlinzi wa taa hiyohiyo, wakamsahau nje siku ya dhoruba. Mnaona? Hata mbaya ana kidonda chake. Filamu nzuri haina mtu anayefanya jambo bure.

Katikati ya filamu Jiwe anawaacha wenzake na kwenda upande wa Ukungu. Kabla ya kuondoka anasimama mbele ya taa. Anaitazama taa, anamtazama Kimulimuli aliyelala, anamfunika joho lake, kisha anatoka. Hasemi neno. Sekunde kumi za kimya.

Hizo sekunde kumi ndizo zilizoniharibia maisha. Lakini inabidi kwanza niwaambie hali niliyokuwa nayo.

Miezi miwili kabla ya filamu ile kufika dukani, Shaibu aliacha kazi. Alikuja mchana mmoja, akakaa, akaivua ile soksi kwenye maiki, akaikunja, akaniwekea kiganjani. "Nimechoka na kelele za Ngamiani," akasema. "Nakwenda Mwera kwa wakwe zangu, nikalime." Nikadhani mzaha. Nikamuuliza nani atasema majitu. Akasema, "Weye utayasema. Unayaweza." Akatoka. Miaka tisa, na hakunipa hata kwaheri ya kueleweka.

Mke wangu wakati huo alikuwa amejifungua mapacha, na mimi kazi nyingine sikuijua. Nikabaki peke yangu mle chumbani nikijipiga goti mwenyewe. Halafu watu wakaanza: Shaibu kaenda kufungua studio yake Pangani, Shaibu alichoka jina lako kuandikwa pamoja na lake kwenye kava. Hakuna aliyeiona studio hiyo. Mimi niliiamini kama nimeingia ndani yake. Niliumia, na maumivu yakageuka hasira, na hasira ya mtu mwenye maiki ni jambo la hatari.

Filamu ilipofika, Mzee Nassor alitaka sehemu ya kwanza itoke Ijumaa hiyohiyo. Tulikuwa tunauza filamu moja kwa sehemu mbili, kila sehemu na sidii yake. Nikatafsiri mbichi. Nilipofika pale Jiwe anasimama kimya mbele ya taa, sikuvumilia. Mtafsiri anaogopa kimya, anaona watu watadhani mashine imeharibika. Nikazijaza zile sekunde kumi. Nikamfanya Jiwe aseme, kwa sauti nzito ya kuiga chini ya kitovu: "Nimechoka na kelele zenu! Kila siku watano, watano! Nakwenda kuwasha taa yangu mwenyewe, jina langu liandikwe peke yake. Hewallah, bwana wangu!"

Nilicheka peke yangu. Niliona nimeweza.

Sidii zikatoka Ijumaa. Zikaenda Muheza, Pangani, Mkwaja, na Moa mpaka mpakani. Jumapili ndipo nilipokaa kutazama sehemu ya pili, na nikaona mwisho.

Kumbe ile taa ilikuwa imebakiwa na mafuta kidogo. Haikuweza tena kulisha watu watano. Jiwe peke yake ndiye aliyegundua, na aligundua pia kwamba anayezimika kwanza ni yule mdogo, ndiyo maana alikuwa analala hovyo. Akaondoka ili fungu lake libaki kwa mtoto. Akajitia msaliti ili wasimfuate, kwa maana angewaambia ukweli, Bi Upepo asingemruhusu. Mwishoni Kimulimuli anamkuta anageuka jiwe kweli, anakaribia kuganda, anamuuliza kwa nini uliondoka, naye anajibu. Na Bi Upepo, aliyekuwa hamwamini mtu kufanya lolote bila amri yake, anapiga magoti.

Nilikaa pale mbele ya kioo cha televisheni. Tayari Tanga nzima ilikuwa imemsikia Jiwe akiondoka kwa tamaa ya jina. Ningefanya nini? Ningeweza kusema ukweli katika sehemu ya pili na watu wacheke kwamba Athumani katafsiri mbichi. Wallahi, hilo tu ndilo lililonitisha, kuchekwa. Nikaona bora niulinde uongo. Pale Jiwe anapoeleza habari ya mafuta, nikamfanya aombe radhi: "Nisameheni, tamaa iliniponza." Midomo haikulingana, maneno yangu yalikuwa mafupi kuliko yake, nikaongeza kilio. Watoto walilia sana. Filamu ile iliuzwa kuliko zote.

Baada ya hapo niliendelea na kazi miaka mingine mingi, mpaka nyie mkaja na simu zenu na flashi, na sidii zikawa vioo vya kutishia ndege shambani. Mzee Nassor akaamua kufunga duka. Nilikwenda kumsaidia kubandua zile trei za mayai. Alikuwa mzee mno sasa, kakaa kwenye kiti chake mlangoni, kofia ya Kimanga kichwani, anahesabu tasbihi.

"Athumani mwanangu," akaniambia, "nina kiapo, na naona kinafungwa pamoja na duka."

"Kiapo gani, mzee?"

"Mwaka ule kazi ilipopungua, nlitaka nibaki na mtafsiri mmoja. Na nlomtaka mie si weye. Nlimtaka Shaibu. Nikamwita, nikamwambia, kesho mwambie mwenzio. Akanambia, 'Athumani ana watoto wachanga wawili na hajui kushika jembe. Mie wakwe zangu wana shamba. Mbakishe yeye.' Akanishika mkono niape nisikwambie. Akasema ukijua hutakubali."

Nilikuwa nimeshika trei ya mayai. Nakumbuka niliendelea kuishika, nikiitazama vishimo vyake kimoja kimoja. Nikamuuliza, "Mzee, yeye aliiona ile filamu?"

"Hilo sijui," akasema. "Lakini nani hakuiona?"

Mtu mwenye haya angepanda basi kesho yake. Mimi nilikaa miaka miwili. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia, nayafuta, natunga mengine, mimi niliyeishi kwa kutia maneno vinywani mwa watu. Nikajiambia ikiisha mvua. Nikajiambia baada ya mfungo. Vijana, katika yote niliyoyafanya, hii miaka miwili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu uongo wa kwanza niliusema kwa kutojua, lakini hii nilijua.

Nilipokwenda Mwera hatimaye, nilifika baada ya adhuhuri. Nikapiga hodi. Mkewe, shemeji yangu Bi Mgeni, alitoka akifuta mikono kwa kanga, akanitazama muda.

"Karibu, shemeji," akasema. "Umechelewa."

Nikadhani ananilaumu tu. Akanipeleka barazani. Shaibu alikuwa kwenye kitanda cha kamba, ameegemezwa mito. Kiharusi kilimpata miezi mitano nyuma. Upande wa kulia ulikuwa umelala, na sauti imekwenda. Ile sauti ya majitu na wafalme, iliyokuwa ikitikisa godoro letu la mlangoni, imekwenda yote. Akili anayo, anasikia kila kitu, macho yake yaleyale. Akaniona, akapandisha unyusi wa kushoto, kama alivyokuwa akifanya nikichelewa kazini.

Nilimsalimu. Bi Mgeni akaketi kwenye mkeka, na ndiye aliyesema, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ile filamu ilipofika hapa, shemeji, mwenzio aliita watu. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Njooni mumsikie mdogo wangu, sasa anasema majitu peke yake. Wakamkalisha mbele, kiti cha mgeni wa heshima."

"Shemeji, nakuomba…"

"Ngoja, nlikuwepo. Yule Jiwe aliposema Hewallah, banda zima likamgeukia. Watoto wakaanza kumwita Jiwe palepale. Mwenzio akasimama, akawaambia watu, 'Hajautazama mwisho. Kaharakishwa tu, sehemu ya pili atasahihisha.' Akakutetea. Ilipokuja sehemu ya pili akawaita tena watu walewale." Akavuta ukindu kwenye mkeka. "Tangu arudi siku ile, filamu hajaitazama tena."

Nilimwangalia Shaibu. Naye alikuwa anautazama mnazi uliokuwa uani, hanitazami. Watoto wa Mwera walimwita Jiwe msaliti miaka hiyo yote, Bi Mgeni alinieleza, wakakua wakawa watu wazima, na baadhi yao bado wanamwita Jiwe bila kukumbuka sababu.

Nilikuwa nimekuja na filamu ile kwenye simu, binti yangu alinitafutia. Ndiyo radhi niliyokuwa nimeitunga. Nikasogeza kigoda, nikakaa upande wa mkono wake mzima, nikaegemeza simu kwenye mto mbele yetu. Nikaizima sauti, nikaanza kutafsiri upya, kwa koo hili mnalolisikia, Bi Upepo, Kobe, Fundi, wote. Safari hii nilikuwa nimeitazama mpaka mwisho mara nyingi kuliko mtoto yeyote.

Ilipofika pale Jiwe anasimama mbele ya taa, nilinyamaza. Sekunde kumi nzima. Alimtazama mtoto, akamfunika joho, akatoka. Nilisikia kuku uani na Shaibu akipumua.

Tukafika mwisho. Kimulimuli amepiga magoti mbele ya Jiwe anayeganda. Nikasema kwa sauti ya mtoto, mzee mzima mimi, "Kwa nini uliondoka?"

Na hapo, kwa mazoea tu, naapa sikufikiri, nilimpiga Shaibu gotini mara mbili.

Akafungua mdomo. Ilitoka sauti, lakini haikuwa neno. Akajaribu tena, mshipa ukasimama shingoni. Kwenye simu Jiwe alikuwa anasema maneno yake yote, midomo inakwenda, hayasikiki. Bi Mgeni akajifunika kanga usoni. Nilinyoosha mkono niizime simu.

Ndipo mkono wa kushoto wa Shaibu ulipokuja polepole, ukapapasa, ukaniangukia gotini. Vidole viwili. Mara mbili.

Nikapokea. Nikasema kwa sauti nzito, isiyo yangu, "Mafuta hayakututosha sote, na nikaona mdogo ndiye anayezimika." Lakini nilikuwa nimechelewa hata hapo, maana Jiwe alikwisha kunyamaza, na kwenye kioo majina ya waliochora yalikuwa yanapanda.

Alifariki kabla ya mfungo uliofuata. Mpaka leo sijui lile goti lilikuwa msamaha au lilikuwa kazi tu, mtu anamkumbusha mwenzie kwamba zamu imefika. Wala sitalitafutia sababu. Aliyeijua ni yeye, na mimi nimekwisha kumsemea vya kutosha.